Taa 64 kwenye banda la mita 3 kwa 3: yaliyotukuta Sabasaba

#1 Kandili wa Temeke

Wakuu habari za saa hizi. Wakubwa zangu shikamooni.

Huu uzi nimeuahidi muda mrefu, kila nikikaa kuuandika naona aibu. Juzi kuna dogo kanifuata inboksi, anataka kupeleka taa za mapambo Sabasaba. Swali lake la kwanza: "Bro, banda la mita 3 kwa 3 zitaingia taa ngapi?" Nikacheka peke yangu kwenye mwendokasi mpaka watu wakanigeukia, maana hilo ndilo swali lililotuponza sisi.

Tunatengeneza taa za mapambo: za kuning'inia, za ukutani na za mezani. Kofia nyingi ni za ukili, nyingine za vifuu vya nazi vilivyotobolewa, na chache za shaba tunazofuliwa na mzee mmoja pale Gerezani. Mwaka 2024, Maonesho ya 48, tukachukua banda ndani ya ukumbi. Mnalijua: kuta tatu nyeupe za paneli, fremu za alumini, zulia jembamba kama karatasi, meza moja, viti viwili, soketi moja.

Hesabu yetu ilikuwa ya muuza mitumba. Banda nimelilipia, basi kila sentimita izae. Tukatundika taa 64. Zote zinawaka, zote balbu nyeupe za wati 9, kwa sababu siku tuliyokwenda Kariakoo za njano zilikuwa chache na mwenzangu akasema "nyeupe ndiyo inayowaka."

Milango ikafunguliwa. Mtu anafika mbele ya banda, anakunja uso, anaweka kiganja juu ya macho kama anayesubiri boti ya Zanzibar, halafu anahamia kwa jirani muuza blenda. Siku ya kwanza tukasema watu bado hawajapata mshahara. Siku ya tatu nikavuka njia, nikasimama upande wa pili nikalitazama banda letu kama mgeni.

Sikuona taa hata moja, wakuu. Niliona mwanga tu. Kofia ambayo mama mmoja Pangani aliishona siku nne ilikuwa doa jeusi mbele ya balbu. Vile vifuu, ambavyo uzuri wake wote ni vile vitone vya mwanga vinavyotua ukutani, havikutua popote. Ukuta mweupe ulikuwa umeshamwagiwa mwanga wa balbu nyingine 63, na juu yake mataa ya darini ya ukumbi, na pembeni skrini ya jirani inayobadilika rangi kila sekunde.

Nikiwa pale ng'ambo ndipo nikaelewa. Ukienda kwenye maonesho kuuza taa, cha kwanza kutafuta ni giza. Nafasi, rangi, bango, vyote vinakuja nyuma. Mwanga ukumbini upo wa bure na kila mtu anakumwagia wake. Giza huna, lazima ulijenge.

Mwisho wa maonesho tulikuwa tumeuza taa 11, na nane kati ya hizo zilitoka jioni ya mwisho kwa bei ya kutupa ili tusizibebe. Juu ya hapo tukayeyusha ekstensheni.

2025 tulirudi na taa tisa zinazowaka. Nitasimulia. Kwanza wenye uzoefu waseme, najua humu mafundi wamejaa.

#2 Mla Karanga

Uzi wa taa bila picha? Hilo giza umelijenga mpaka humu mkuu. Nimekaa, karanga ninazo.

#3 Fundi Breka

Mkuu heshima yako, ila hapo kwenye ekstensheni kuna kitu umeficha. Balbu 64 za wati 9 ni wati 576. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo zinavuta ampea 2.5 hivi. Hata ekstensheni ya uchochoroni inabeba hiyo. Sema ukweli, nini kingine kilichomekwa pale?

#4 Kandili wa Temeke

Umenishika shati mkuu. Birika la chai. Na feni mbili, maana balbu 64 kwenye chumba cha mita 3 ni jiko.

#5 Fundi Breka

Nilijua tu. Birika la wati 2,000 peke yake ni karibu ampea 9, na nina uhakika waya uliobaki mliukunja duara mkauficha chini ya zulia. Waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto, unajipika wenyewe. Ekstensheni inyooshwe yote, na chai mkanywe kwa mama lishe, anauza nzuri kuliko yenu.

Kwa faida ya dogo na wengine watakaosoma. Moja, taa za LED zikiwashwa zote kwa swichi moja zinavuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua, breka inashuka wakati hesabu ya wati haifiki hata robo yake. Watu wanasema "umeme wa Sabasaba mbovu" kumbe ni wao. Zigawe makundi matatu au manne, kila kundi na swichi yake. Mbili, uliza mapema kama soketi yako iko kwenye breka moja na jirani, kwa sababu mwenye blenda akianguka na wewe unaanguka.

Tatu, na hii naomba isichukuliwe mzaha: hizo taa za shaba. Taa yenye mwili wa chuma lazima iwe na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, uliofungwa kwenye mwili wenyewe. Nimeona taa nzuri sana zilizotengenezwa kwa mikono zina waya mbili tu, na holda imekazwa kwa bati. Nyumbani labda inaguswa mara moja kwa mwezi. Kwenye banda inashikwa na watu mia kwa siku, tena watoto wenye mikono ya aiskrimu.

#6 Kandili wa Temeke

Hilo la ethi nilikiri kwa mzee wa Gerezani na za 2025 zote zilikuwa nayo. Nakushukuru hata hivyo, kuna wenzetu hawajui.

#7 Jumla Kariakoo

Nimesoma nimecheka. Mimi nauza taa mwaka wa kumi na mbili. Dari la duka langu huoni simenti, ni taa mwanzo mwisho na zote zinawaka, na mauzo yapo. Mteja wa Kibongo anataka aone mali. Ukimwekea taa tisa gizani atadhani umefilisika au umekatiwa umeme. Tatizo lenu lilikuwa bei, mkuu, msisingizie mwanga.

#8 Kandili wa Temeke

Mkuu bei sikatai, taa ya kushonwa kwa mkono haiwezi kushindana na ya kontena. Lakini tazama mteja wako. Yeye amepanda daladala kutoka Mbezi na karatasi ya fundi mfukoni: sebuleni moja kubwa, korido mbili, chumbani moja. Anakuja kuchagua. Mtu wa Sabasaba amekuja na familia, amekula chipsi, mtoto analia anataka puto, na mpaka anafika kwangu ameshapita mabanda mia. Taa haikuwa kwenye akili yake. Huyo huwezi kumpa dari lililojaa, anachoka kabla hajaanza.

Ila hilo la "kuona mali" nakupa haki yako, na 2025 tulilitafutia dawa. Ninafika huko.

#9 Mwana wa Chumbageni

Wa Tanga naingia, kwa sasa naandikia Milano. Kazi yangu ni kujenga stendi za maonesho, yaani mimi ni yule anayepanda ngazi na drili saa nane za usiku wakati mbunifu amelala hotelini.

Huku kuna Euroluce, maonesho ya taa yanayofanyika ndani ya Salone del Mobile kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, Aprili, kwenye viwanja vya Rho. Ukumbi mmoja wa Rho unameza uwanja wa mpira. Na mwenye uzi anachosema ndicho kinachofanyika. Stendi nyingi za chapa kubwa ukizitazama kwa nje ni boksi tu, ukuta mtupu wa rangi nzito na mlango. Pesa nyingi inakwenda kwenye kuta na dari ambazo hakuna anayezisifia. Ndani unakuta labda vitu sita, kila kimoja kimekaa peke yake kama bibi harusi.

Mwaka 2023 walibadilisha mpangilio mzima wa Euroluce. Zamani zilikuwa njia zilizonyooka zinazokatana kama mitaa ya Tanga mjini, wakaweka mzunguko unaozunguka kumbi, unatembea hujui kona ijayo ina nini. Miguu ilitushukuru. Nasema hivi kwa sababu hata kwenye mita 3 kwa 3 unaweza kuficha kona moja. Mgeni asimalize kila kitu akiwa bado njiani.

Halafu suala la kutundika. Kwenu naamini ni kama huku, huruhusiwi kufunga kamba kwenye paa la ukumbi ovyo ovyo. Sasa kuna taa moja ya kampuni ya Flos inaitwa Arco, ya ndugu wawili Achille na Pier Giacomo Castiglioni, ya mwaka 1962. Walitaka mwanga juu ya meza bila kutoboa dari. Wakachukua jiwe la marumaru la kilo 65 hivi, wakachomeka upinde mrefu wa chuma unaopita juu ya kichwa cha mtu mpaka katikati ya meza. Na kwenye lile jiwe kuna tundu. Wengi wanadhani ni pambo. Ni la kupitisha mpini wa fagio, watu wawili wanyanyue huku na huku kama jeneza. Ukikosa dari, uzito weka chini. Tofali mbili za simenti ndani ya kikapu zinafanya kazi ileile.

#10 Mama Wawili

Kandili kaka yangu, mimi nilipita kwenye hilo banda lenu la 2025, naamini ni lenyewe! Kile kibanda cha rangi ya kahawa chenye kitobo kimoja ukutani? Mume wangu alikataa kuingia, akasema hapa kwa mganga. Niambie kwanza ile taa ya vitone mliifanyaje, maana nilinunua kifuu kama kile kwa mtu mwingine ufukweni, nimefika nyumbani ukuta una ukungu tu.

#11 Kandili wa Temeke

Dada umenimaliza. Ni sisi. Na mumeo hakuwa wa kwanza, hebu nianzie hapohapo.

Wazo la kwanza la giza lilikuwa rahisi: kaniki. Nyeusi, bei yake haiumi, inazuia mwanga. Wiki mbili kabla ya maonesho tukajenga banda la majaribio uani Keko, tukafunika kaniki kuta zote, tukawasha taa mbili za kofia nyekundu. Akapita mzee wa jirani, akasimama mlangoni, akavua kofia, akauliza kwa heshima kabisa: "Mtaalamu yupo?" Tukaangaliana. Kaniki nyeusi, taa nyekundu, kitobo cha kuingilia: tulikuwa tumejenga kilinge. Kaniki zikashuka siku hiyohiyo. Pia nilikuwa nimeanza kuwaogopa Zimamoto, kitambaa kikavu karibu na balbu si jambo la kuwaeleza wakaguzi.

Tukaenda kwenye plaiwudi, tukaipaka rangi ya kahawa iliyoungua, isiyong'aa. Hapo kwenye kutong'aa msipapuuze. Tulianza na rangi ya mafuta, ukiwasha taa moja unaziona nne, kila ukuta umegeuka kioo. Tukapiga msasa tukaanza upya.

Fremu ni skwea paipu za milimita 40, nguzo nne zenye besi pleti, yaani vibao vya chuma vya kusimamia, mihimili juu kwenye mita 2.4, ndani ya kuta za banda lao bila kuzigusa. Taa zetu zinaning'inia kwenye fremu yetu. Dari tuliweka nyuma tu, mita mbili, mita ya mbele ikabaki wazi kwa ajili ya hewa. Hiyo nusu dari ndiyo iliyoleta mabadiliko kuliko kitu kingine chochote. Ukiingia chini yake mataa ya ukumbi yanapotea na macho yanapumua. Unamwona mtu anashusha mabega.

Fremu hii nayo ilikuwa na mkasa. Fundi tuliyempa kazi tulimwambia afunge kwa bolti na nati. Akaona bolti zinamchelewesha, akachomelea yote uwanjani kwake, boksi zima la mita 2.8 kwa 2.8. Usiku wa kupanga tukafika nalo juu ya Kenta, mlangoni mwa ukumbi halipiti. Saa tano usiku tunatafuta mtu mwenye grainda Mbagala. Tulikata nguzo zote nne na kuunga upya kwa vipande vya chuma, makovu yake tuliyaficha kwa rangi. Dogo, kazi ya fundi ikague kwake kabla haijapanda gari.

Ukuta wa mbele tuliuziba ukabaki mlango wa mita 1.2. Karibu na mlango, usawa wa macho, tukatoboa kidirisha cha sentimita 30 kwa 30, ndani yake taa moja ya ukili. Hicho ndicho kitobo alichokiona dada. Mtu anachungulia, akichungulia ameshasimama, na akisimama mwenzangu anamwambia "karibu ndani, kuna kiti." Hakuna neno lililotuuzia kama hilo la kiti, watu miguu imekufa.

Ndani, kona ya kushoto meza ya chakula ndogo, sahani mbili, kanga imetandikwa, na taa moja ya kuning'inia sentimita 75 juu ya meza. Kulia benchi lenye taa ya mezani, pembeni stuli na kikombe. Lile benchi ni sanduku, ndimo tulimoficha maboksi ya kuuza. Tulitaka mtu aione taa mahali inapoishi. Kuna babu alikaa kwenye ile meza karibu nusu saa, hakuuliza bei, alikuwa anamsimulia mjukuu wake kuhusu karabai la baba yake, jinsi wadudu walivyokuwa wanaangukia kwenye ugali. Hatukumwondoa. Watu wakimwona ameketi, nao wanaingia.

Sasa swali lako dada. Ukuta wa nyuma ni mmoja tu tuliouacha mweupe wa chokaa, kwa sababu vitone vinahitaji ukuta wa kuvipokea, kwenye rangi nzito vinazama. Na siri haipo kwenye kifuu, ipo kwenye balbu. Kadiri chanzo cha mwanga kinavyokuwa kidogo, ndivyo kivuli kinavyokuwa na ncha kali. Ukiweka ile balbu nene nyeupe kama yai la mbuni, mwanga unatoka kila upande wa yai, kila tundu linatupa vitone vingi vilivyopandana, matokeo yake ni ukungu wako. Weka kibalbu kidogo cha kioo angavu kisicho na ukungu, kile cha pini mbili, ukubwa wa ncha ya kidole. Kisha sogeza taa.

Tulifanya usiku, taa nyingine zote za nyumba zimezimwa. Mimi nimeshika waya juu ya kiti, mke wangu yuko ukutani na chaki. Kwa sentimita 20 vitone ni vidogo, vimesongamana kama upele. Kwa mita moja ni vikubwa lakini vimefifia, mwanga ukisafiri mara mbili umbali unabaki robo. Kwenye sentimita 45 akasema "hapo, usipumue," akachora mstari. Huo mstari wa chaki bado upo kwenye ile plaiwudi.

Na kwa Jumla Kariakoo, dawa ya "kuona mali": nje ya banda, kwenye ukuta unaotazama njia, tulipanga kofia 17 bila balbu, kama vikapu sokoni. Zilipata mwanga wa ukumbi, ule mweupe usio na huruma, na kwa kazi ya kuonyesha mshono mwanga huo unafaa. Mtu anaona rangi, anashika ukili, anauliza. Ikiwaka ni kitu kingine, hiyo anaikuta ndani.

#12 Jumla Kariakoo

Hiyo ya kofia nje nimeielewa, naiba. Lakini hujasema namba. Mliuza?

#13 Kandili wa Temeke

Taa 37 zilitoka pale pale, na lodji moja ya kusini ikaagiza 24. Gharama ya kujenga ilikuwa pungufu kuliko mwaka wa kwanza, maana balbu na holda 64 si mchezo.

Yaliyotushinda pia niyaseme. Chini ya ile nusu dari joto lilikuwepo, tuliweka feni ndogo ikawa inazipeperusha taa na vitone vinacheza ukutani, wengine walipenda, mimi vilinipa kizunguzungu. Asubuhi tulikuwa tumekaa bure. Kuanzia saa kumi na moja jioni ndipo watu wanatoka kazini, na mwezi wa saba jua linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Kuanzia hapo mpaka kufunga ndipo tulipouza karibu zote.

#14 Bin Mkomani

Assalam aleikum jamani, nawasoma kutoka Mombasa. Nyinyi mna ukumbi, shukuruni. Huku Mkomani kwenye Show, maonyesho yetu ya kilimo, mimi hupewa hema jeupe, na hema jeupe saa saba mchana ni taa yenyewe, kitambaa chote chawaka. Upepo wa bahari nao, taa zagongana kama kengele za mbuzi. Mwaka juzi nilivunja fanusi mbili za vioo vya rangi. Mwanishauri nini?

#15 Mwana wa Chumbageni

Sheikh wangu, hema usipigane nalo. Jenga chumba ndani ya hema, paa lake liwe chini ya paa la hema na katikati pabaki nafasi ya hewa kupita, la sivyo utaoka. Mlango wake uutazame ukuta wa nyuma wa hema, usiutazame uwazi, mgeni azunguke kidogo. Ile pinda moja inaua mwanga na upepo pamoja. Macho nayo yanataka muda, mtu akitoka kwenye jua la pwani anahitaji dakika kadhaa kabla hajaona kitu gizani. Mpitishe kwanza penye kivuli cha kawaida, mwonyeshe kofia zisizowaka, mwongeleshe, ndipo umwingize.

Fanusi za vioo zifunge sehemu mbili, juu kwa mnyororo na chini kwa uzi wa mshipi wa kuvulia. Hauonekani.

#16 Bin Mkomani

Mshipi! Na mimi mwana wa pwani sikuufikiria. Ahsante sana.

#17 Fundi Breka

Kuna kitu kimoja hakijaguswa. Siku hizi nusu ya wageni wanarekodi waweke status. Umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu ya LED ya bei ya chini inapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera ya simu inaona. Video inatoka na mistari myeusi inayopanda na kushuka, na taa yako nzuri inasambaa mtandaoni ikiwa na ugonjwa. Ukiwa dukani, kabla hujalipa, iwashe balbu uielekezee kamera. Mistari ikionekana, irudishe.

#18 Kandili wa Temeke

Hiyo kweli, na mimi naongeza ya kwangu ya kanga. Nenda dukani na kipande cha kanga nyekundu. Kiweke chini ya balbu. Balbu mbovu inaifanya nyekundu iwe kahawia, kama damu iliyokauka, na ndivyo itakavyoifanya ngozi ya mteja anayejitazama kwenye kioo chako. Kwenye boksi angalia alama ya CRI, namba ya jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, 80 ni ya kawaida, sisi tulitafuta 90. Na rangi ya mwanga chukua kati ya Kelvin 2700 na 3000, ndiyo ile wanayoiita njano. Ile ya 6500 iachie kituo cha mafuta.

#19 Jumla Kariakoo

Ya 6500 ndiyo ninayouza kuliko zote bwana, usiniharibie.

#20 Dogo wa Taa

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye dogo wa inboksi. Nimesoma yote mara mbili, swali la "zitaingia ngapi" nalifuta. Nina milioni moja na nusu mkononi nje ya pesa ya banda, taa ninazo 30 za mianzi. Bei ya taa niiandike au nisiiandike? Na nianze kununua nini?

#21 Mama Wawili

Bei andika mwanangu. Mimi bei isipoandikwa najua inapangwa kwa kunitazama viatu. Na uandike kabisa kama balbu imo au haimo, nilishagombana na mtu getini kwa ajili ya hilo.

#22 Kandili wa Temeke

Marahaba dogo. Msikilize mama, kikaratasi kidogo, bei na "balbu haimo".

Usinunue kitu bado. Kwanza nenda kachague banda mbali na milango mikubwa, hasa unaotazama magharibi, jua la saa kumi linaingia mpaka katikati ya ukumbi. Uliza urefu unaoruhusiwa kujenga na kama unaweza kuweka dari, upewe kwa maandishi. Halafu chagua kwenye hizo 30 zako taa saba. Nyingine kofia tupu nje.

Plaiwudi na rangi utanunua mwenyewe. Fremu usichomelee mpya, yetu ipo uani Keko, tumeirudishia bolti kila kiungo. Sisi safari hii tunataka kujaribu banda la kona, vipimo vyake vimebadilika. Njoo na kirikuu, mita 2.8 zinatokeza nyuma kwa hiyo beba kitambaa chekundu cha kufunga kwenye ncha. Na uje asubuhi, mchana kuku wa mama mwenye nyumba wanalala juu yake na hawapendi kuamshwa.